Maarifa ya Nyumbani: Samaki Naye Ana Usiku Wake



Hapa Bunia wako wazazi wanaofuga samaki wachache ndani ya tangi la kioo, watoto wapate kujifunza na kufurahi. Mchana hakuna shida. Shida huanza jua likishatua: je, taa ya LED iliyo juu ya tangi iwake mpaka asubuhi, au izimwe? Wengi huiacha iwake, wakidhani kwamba kiumbe aliyeachwa gizani ameonewa. Yafaa tuipime desturi hiyo.

Kwanza tuwatazame wavuvi. Kule Ziwa Tanganyika, pande za Uvira na Kigoma, watu huvua dagaa usiku kwa mwanga. Zamani waliwasha kuni, baadaye karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za LED. Lakini mwezi ukiwa mpevu hupumzika, kwa kuwa mbalamwezi huwatawanya dagaa, na taa haziwavuti tena sawasawa. Basi, ikiwa mwanga wa mwezi hubadili mwenendo wa samaki ndani ya ziwa kubwa namna ile, taa kali iliyo shubiri moja juu ya kichwa chake itamfanya nini?

Samaki hana kope za kufumba. Tena, juu ya ubongo wake kuna kiungo kidogo kinachohisi mwanga. Giza likiingia, hutoa homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umefika. Wataalamu wa Ujerumani walijaribu samaki mmoja wa maji baridi wa Ulaya, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba mwanga wa luksi 1 tu ulitosha kuipunguza homoni hiyo. Mbalamwezi kamili haifiki hata nusu ya luksi.

Sasa tuhesabu, maana nyumba nyingi hapa hutegemea jua na betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 hubeba wati-saa 84. Taa ya wati 5 ikiwaka toka saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi hula 60; pampu ya hewa ya wati 3 hula 36. Jumla ni 96. Ndiyo kusema, kabla ya mapambazuko betri imekwisha na pampu imesimama, saa ile ile ambayo hewa ya majini huwa chache kabisa. Mwenye nyumba aliwasha taa kwa huruma, na samaki wakafa kwa huruma hiyo.

Tufanyeje, basi? Chagueni taa ndogo, isiyozidi wati 1, yenye volti sawa na za betri. Msidanganywe na rangi ya buluu inayosifiwa kuwa ni ya mwezi: taa kali ni kali, iwe ya buluu au nyeupe. Kuipunguza, kumbukeni kwamba taa ya LED si utambi wa kibatari. Umeme ukipungua mno huzimika ghafula. Kwa hiyo hutumiwa kifaa maalumu kinachoizima na kuiwasha mara nyingi kwa sekunde moja, na jicho letu huona mwanga uliofifia. Asiye na kifaa hicho na aiinue taa, maana umbali ukizidi mara mbili, mwanga hubaki karibu robo. Au aielekeze ukutani. Waya nao ushuke chini kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi, ili matone ya maji yasiufikie umeme.

Taa hiyo iwake saa 2 baada ya magharibi, kisha izimwe. Itakula wati-saa 2 tu. Pamoja na pampu ni 38, na betri itabaki na zaidi ya nusu asubuhi. Wakati wa kuamka, washeni kwanza taa ya chumbani, ndipo ya tangi, samaki wasishtuke na kujigonga kwenye kioo.

Na kipimo cha mwisho hakina gharama. Usiku huu zimeni taa nyingine zote, ngojeni dakika kumi, kisha simameni kando ya tangi mkiwa na gazeti hili mkononi. Mkiweza kuyasoma maneno haya, taa yenu ingali kali mno.