Magoti ya Mama Zetu

Mara nyingi mama mzee akilalamika kwamba magoti yamuuma, jibu alipatalo ni moja: "Huo ni uzee, mama." Hupewa vidonge vya maumivu, akarudishwa nyumbani. Sisi twaona kwamba jibu hilo halitoshi, na tena lina hatari. Maana aachaye kutembea kwa kuogopa maumivu hulegea misuli, na misuli ikilegea goti huzidi kuelemewa.

Ugonjwa huu wa kulika kwa gegedu za viungo, ambao wengi huuita baridi yabisi tu, si wa watu wachache. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Ulimwenguni, mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa nao, na katika kila mia, wapatao sitini walikuwa wanawake. Kiungo kishikwacho zaidi ni goti.

Mojawapo ya tiba zake ni mazoezi yafanywayo ndani ya maji ya uvuguvugu. Sababu yake yaeleweka na kila aliyepata kuoga baharini: maji huubeba mwili. Yakifika kiunoni, miguu hubaki na karibu nusu ya uzito. Yakifika kifuani, karibu theluthi tu. Hivyo mama ashindwaye kupanda ngazi aweza humo kutembea, kukunja goti na kulinyosha, na uzito wa maji anayoyasukuma ukaitia misuli yake nguvu.

Yatupasa kusema kweli bila kutia chumvi. Mwaka 2016 wataalamu wa jumuiya ya Cochrane walichambua majaribio 13 yenye watu 1,190, wengi wao wanawake wazee wenye maradhi ya goti au nyonga. Walikuta kwamba maumivu yalipungua kidogo, na shughuli za kila siku zikawa nyepesi kidogo, kwa muda mfupi. Wako watakaoyadharau mafanikio hayo. Lakini kwa mama ahesabuye hatua kutoka kitandani hadi mlangoni, kidogo si haba.

Wako pia watakaouliza: mabwawa ya kuogelea yako wapi? Swali hilo ni la haki. Mabwawa yetu ni machache, na mengi ni ya mahoteli. Tena mama mwenye heshima zake hawezi kuingia majini mbele ya vijana. Basi wenye mabwawa na watenge saa za akina mama wazee peke yao, na hospitali zitoe wataalamu wa mazoezi ya viungo wa kuwasimamia. Na mama aliye mbali na bwawa asikae akingoja: kutembea, kuinuka kitini na kunyosha goti katika nchi kavu, kwa maelekezo mema, nako kumethibitishwa kuwa na faida.

Mama hawa walitubebea maji vichwani miaka mingi. Kuwaambia leo kwamba uzee hauna dawa ni kukwepa deni.