Kisu Kimefika, Ala Bado

Kile kisu tulichokingoja tangu mvua za mwaka jana kimefika. Sisi wa Meru na Embu tunaofyeka kando ya reli, kati ya Sagana na Nanyuki, tumekitumia juma moja. Mwanzo tulikicheka, maana kwetu mtu huzoea panga, na hiki ni shubiri moja tu. Lakini tuseme haki yake: ni kisu kizuri. Hakikunjwi, na chuma chake kimepita ndani ya mpini hadi mwisho. Vile vya kukunja vilitukata vidole bawaba zilipolegea. Hiki hukata kamba bila kuyumba. Hushika kutu upesi, basi kipakwe mafuta kila jioni, umande wa huku mnaujua.

Ala ndiyo mbaya. Imelegea, na mtu akiinama kisu huanguka majanini. Na kontrakta ametutaka tutie sahihi kwamba kikipotea tutakatwa mshahara! Hatukubali. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu makato ya mali ikiwa mfanyakazi ameipoteza kwa kusudi. Ala mbovu si kusudi letu. Wenzetu wawili wameshaandikwa. Katibu wa tawi amwendee kontrakta kabla ya siku ya mshahara.