Picha ya bandari haijamaliza habari

Makala yenu kuhusu bandari za pwani ni nzuri, lakini inaziamini mno picha za bandari zilizochapwa Ulaya. Chukueni ukurasa ule wa kitabu cha Braun na Hogenberg kilichotoka Cologne mwaka 1572. Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala zimebanwa pamoja kwenye karatasi moja, na Kilwa na Mombasa zimesimama nzima, ingawa Wareno walikuwa wameshazipora mwaka 1505. Njia za bara hazimo kabisa. Sisi wa Korogwe na Handeni tunajua pengo hilo lina maana gani: katika karne ya 19, bandari ya Pangani ilitajirika kwa pembe za ndovu zilizoshuka bonde la mto Pangani na kwa misafara iliyokatiza Uzigua, mabegani mwa wapagazi.

Mtasema mchoraji hawezi kulaumiwa kwa nchi asiyoiona. Kweli, simlaumu. Lawama ni yetu tunaoichukua kazi yake leo kama historia kamili ya pwani. Mhariri, mkiichapa tena picha hiyo, wekeni pembeni ramani ya njia za misafara.