Masta ya Fedha Isiyopita kwenye Hesabu Zake

Kijana akimaliza shahada ya kwanza, akasota mtaani mwaka mzima, wazee humwambia neno lile lile: "Ongeza elimu." Dodoma ushauri huo unameza wengi. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kipo Chimwaga tangu 2007, wizara zimejaa Mtumba kwenye mji wa serikali, na watu wanadhani kutoka masta ya fedha hadi ofisini ni lami tupu.

Someni matangazo ya kazi ya Mhasibu Daraja la II serikalini. Kwa kawaida kinachodaiwa ni shahada ya kwanza na CPA(T), cheti cha taaluma ya uhasibu. Masta haikurushi foleni. Utafanya usaili wa kuandika pamoja na waliohitimu juzi, na ukipata, mtaanzia daraja moja. Sekretarieti ya Ajira yenyewe ina ofisi ndani ya eneo la UDOM. Ni mwendo wa miguu tu kwenda kuuliza.

Sasa mpe mwanafunzi wa fedha mradi huu aupime: ada, kodi ya chumba Ng'hong'hona, chakula, miaka miwili bila kipato, tasnifu inayongoja sahihi ya msimamizi. Upande wa mapato: haijulikani. Akiupitisha, mwalimu atamfelisha, na ni haki. Lakini ndio mradi aliouwekea ujana wake, na baba kauza ng'ombe.

Nitaambiwa masta inapanua akili. Inapanua, hasa ya afisa wa benki au wa halmashauri anayekuja darasani na maswali yaliyomshinda kazini. Anayetaka uhadhiri naye hana njia nyingine. Wewe mwingine, mitihani ya CPA ipo Mei na Novemba, na haimlazimishi mtu kuacha kibarua.

Na kazi ya fedha haiko Mtumba peke yake. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi huvuna mara mbili kwa mwaka, na mara mbili hukabwa na bei, maana tunda bivu halimngoji mnunuzi. AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika wa mazao, inahitaji mtu wa kupanga fedha ya msimu hadi msimu, na wa kuandika andiko la mkopo wa matangi ya kuhifadhia mchuzi (juisi) wa zabibu ambalo benki haitalitupa. Malipo ni madogo, sikatai. Ila aliyezipiga hesabu hizo kwa misimu michache ataingia darasani na takwimu ambazo profesa wake hana. Huyo akitaka masta, mzee auze ng'ombe.