Sikio la Mtoto si Chungu cha Kukomba

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu (S.W.T.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), juma hili nazungumza na akina mama, na akina baba nao wasipite bila kusoma, juu ya jambo dogo nililoliona likizaa kubwa: kusafisha masikio.

Mwezi wa Rajabu uliopita nilikuwa Dagahaley, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, katika kaunti ya Garissa. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992, ndugu zetu wa Kisomali walipovikimbia vita kwao, na leo wamo humo wazazi ambao wenyewe walizaliwa kambini. Nilialikwa kuwasikiliza watoto wa dugsi, ndivyo wanavyokiita chuo cha Qur'ani. Walikaa chini kivulini, kila mmoja na ubao wake.

Alikuwapo mtoto wa miaka saba hivi ambaye kila akisahihishwa alirudia kosa lile lile. Swadi aliisoma sini, na akiitwa haitiki. Maalimu wake alisema huyu ni mkaidi, na kiboko kilikuwa kimeshampitia. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimkemea mbele ya wenziwe. Nilipoinama karibu naye ili nimtamkie herufi, nikasikia harufu. Sikio lake la kulia lilikuwa na usaha, na mwingine umemkaukia shavuni.

Tukamwita mama yake. Kaka wa mtoto, aliyejifunza Kiswahili katika shule ya kambini, akatutafsiria. "Sheikh, mimi humsafisha kila Ijumaa. Nazungusha pamba kwenye kijiti cha kiberiti, nachokoa mpaka mwisho. Vumbi la huku unaliona mwenyewe. Sitaki mwanangu aende msikitini na uchafu."

Daktari alipomtazama alikuta kiwambo cha sikio kimetoboka. Vijiti vile vilikuwa vimelichubua sikio kwa ndani na kuyafungulia maradhi njia. Mama alitaka twahara, maalimu alitaka adabu, na baina ya wema wao wawili mtoto akawa hasikii.

Ndugu zangu, ile nta tunayoiita taka za sikio si uchafu. Mola ameiweka kwa hekima. Hunasa vumbi na wadudu wadogo, huzuia maji yasilowanishe ngozi ya ndani, na huzuia vijidudu vya maradhi visizaliane. Hutengenezwa karibu na mlango wa sikio, wala haitoki ndani kabisa. Kisha ngozi ya tundu lile husogea polepole kutoka kwenye kiwambo kuja nje, na tunapotafuna na kusema taya husaidia kuisukuma nta itoke yenyewe. Tundu zima kwa mtu mzima halizidi sana sentimita mbili na nusu, na kwa mtoto ni fupi zaidi. Kijiti, kibanio cha nywele, unyoya wa kuku, kifuniko cha kalamu, hata vile vijiti vya pamba vya dukani, huirudisha nta nyuma na kuishindilia penye kiwambo. Pamba hutoka na rangi kidogo, mama akafurahi, kumbe nyingi ameizika.

Wala sharia haikututaka tuchokoe. Katika udhu, kupaka maji masikioni ni sunna: kidole cha shahada hupita kwenye mikunjo na mlango wa tundu, na gumba hupita nyuma ya sikio. Katika josho la janaba, la wajibu ni kuosha sehemu ya sikio inayoonekana. Na wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, tuyafuatayo pwani na wafuatayo Wasomali, wameyahesabu ya ndani ya sikio kuwa ni katika mambo ya batini, hata wakasema aliyefunga akitia kitu mpaka humo saumu yake imeharibika. Basi tulichoamrishwa kukitwahirisha ni cha nje, na cha ndani kimeshawekewa msafishaji wake.

Njia ya upole ni hii. Baada ya kuoga, chukua kitambaa laini chenye unyevu, kivike kwenye kidole, upanguse sikio kwa nje na nyuma yake. Kidole kikikataa kuingia, hapo ndipo mwisho wako. Ikiwa nta imekuwa ngumu na sikio limeziba, mtu mzima aweza kudondoshewa matone mawili matatu ya mafuta ya zeituni yenye uvuguvugu wa mwili, alale ubavu dakika chache, na arudie kwa siku kadhaa. Mafuta yasiwe ya moto. Na yasitiwe kabisa katika sikio linalouma, linalotoa usaha, au lililowahi kutoboka. Mtoto mdogo asitiwe kitu ila kwa shauri la daktari.

Mpelekeni kituo cha afya bila kungoja akitoa usaha au damu, akiwa na homa na maumivu ya sikio, akivimba nyuma ya sikio, au akijitia shanga, punje au betri ndogo ya saa. Betri huunguza kwa muda wa saa chache, haingoji kesho.

Na ninyi maalimu wenzangu, neno langu kwenu ni zito zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Kabla ya kumwita mtoto mkaidi, simama nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, mwite mzazi, usiite kiboko.

Yule mtoto alipewa dawa, na mama akafundishwa na muuguzi namna ya kulikausha sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa, kinachowekwa kinyonye usaha bila kuchokoa. Siku ya kuondoka kwangu nilimkuta amekalishwa mbele, sikio lake zima likimwelekea maalimu. Nilimtaka radhi mbele ya wale wale niliomkemea mbele yao. Akainamisha kichwa, kisha akanisomea. Swadi yake bado haijanyooka, lakini aliisikia.

Masikio ni amana, nasi tutaulizwa juu yake. Mwenyezi Mungu awahifadhie watoto wetu usikivu wao, na atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua. Amin.

Wabillahi tawfiq.