Sikukuu na Meno ya Wajukuu

Kila ifikapo Januari, wajukuu wanapofungasha kurudi Dar es Salaam na Morogoro, hapa kwetu Kidodi hakosekani mtoto mmoja au wawili wenye shavu lililovimba. Wazazi huulizana amekula nini. Swali hilo hunikera, kwani sisi wenyewe ndio tuliomlisha, wiki tatu mfululizo, tena kwa mapenzi makubwa.

Wapo wanaolaumu miwa. Husema mtoto wa Kidodi ataachaje kuoza meno na hali amezungukwa na mashamba ya miwa ya Kilombero? Hoja hii ni ya uvivu. Sisemi kwamba muwa hauna sukari; kiwanda cha Ruembe hakikamui maji matupu. Lakini mtoto mwenye kipande cha muwa hukaa chini akatafuna, mate yakamjaa, akatema makapi, akamaliza, akaenda kucheza. Na hao wajukuu wanaoshuka kwenye basi, ambao shamba la miwa wameliona dirishani tu, mbona huja na matundu yao tayari?

Ndugu msomaji, jambo la kutazama si kiasi cha sukari peke yake, bali ni mara ngapi kwa siku inaingia kinywani. Vijidudu vilivyo kwenye utando wa meno hula sukari hiyo na kutoa tindikali inayomong'onyoa jino. Mate huchukua nusu saa, pengine hata saa nzima, kuituliza. Mtoto akinywa soda yake mezani akamaliza, jino limepigana mara moja. Akizunguka na chupa ile ile tangu asubuhi, akionja funda moja moja, jino halipati nafasi ya kupumzika. Hili lilithibitishwa huko Sweden, katika hospitali ya Vipeholm, ambako kuanzia miaka ya 1940 wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa namna mbalimbali. Matokeo yalitolewa mwaka 1954: waliopewa tofi za kunata kati ya mlo na mlo meno yao yaliharibika vibaya kuliko waliopewa sukari pamoja na chakula. Kilikuwa kitendo cha kikatili, maana wale watu hawakuombwa ridhaa. Nasi tunakirudia kila Desemba kwa damu yetu wenyewe.

Hebu tazama siku ya mtoto katika likizo. Asubuhi chai ya vijiko vitatu. Saa nne shangazi anapita na biskuti. Mchana soda, na chupa moja ya mililita 350 ina takribani vijiko tisa vya chai vya sukari. Jioni baba mdogo ana pipi mfukoni, na mtoto anayekataa pipi ya baba mdogo huambiwa hana adabu. Usiku wote wanajilaza mkekani mbele ya televisheni, pipi shavuni, mpaka usingizi unawachukua. Mswaki hakuna anayeuutaja, kwani umesahaulika mjini. Na ni usiku huo ambapo mate hupungua kinywani. Sikukuu za Idd ni hivyo hivyo: pesa ya sikukuu inatoka mkononi mwa babu na kwenda dukani moja kwa moja.

Nikisema haya najibiwa, "Mwalimu, ni mara moja tu kwa mwaka." Mara moja? Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka, Idd mbili, Maulidi, kipaimara, na harusi zisizohesabika!

Lakini jibu baya zaidi ni lile la kwamba meno ya utoto yatang'oka tu. Hapa sina budi kukiri langu. Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Kwa miaka mingi nimefundisha walimu kukagua kucha, nywele na sare za watoto. Sikumbuki kama nimepata kuwafundisha kuwafungua watoto vinywa. Likizo moja ya Juni, mjukuu wangu wa miaka minane alilalamika kwamba gego lake la chini linamuuma akinywa maji baridi. Binti yangu alitaka kumpeleka hospitali. Nikamwambia, "Acha, hilo jino la utoto, litatoka lenyewe." Nilisema kwa sauti ile ile niliyotumia chuoni, naye hakubisha. Desemba, baada ya sikukuu, mtoto hakulala siku mbili. Jino lilikuwa limeoza hadi ndani kabisa, likang'olewa.

Halikuwa la utoto. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa sababu hiyo hatulitambui. Likitoka, halioti jingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatuzibi wala hatujengi, tunangojea kung'oa. Na hata la utoto lenyewe lina kazi, maana hulishikia nafasi jino linalokuja.

Nyumbani kwangu sasa soda hunywewa mezani, pamoja na chakula, basi. Kati ya mlo na mlo ni maji. Kabla ya kulala kila mtoto hupiga mswaki kwa dawa yenye floraidi, na walio chini ya miaka saba hupigishwa na mtu mzima, kwani mikono yao bado haijui. Hutema povu bila kusukutua, ili dawa ibaki kwenye meno. Desemba iliyopita nilinunua miswaki 14 nikaipanga dirishani. Dada yangu alipoona kreti ya soda imefungiwa stoo, aliwatangazia wageni kwamba nimekuwa bahili uzeeni. Sikumjibu. Yule mjukuu sasa ana miaka 11, na nyama bado anaitafunia upande mmoja.