Ufunguo Uko kwa Nani?

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili alibisha hodi ofisini, kompyuta mpakato ameikumbatia kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. "Shikamoo, Mwalimu. Imegoma." Taa zake ziliwaka, nembo ya kampuni ikatokea, kisha kioo kikabaki cheusi. Ndani yake yalikuwamo mahojiano 40 aliyoyarekodi wilayani Kilosa kuhusu migogoro ya ardhi kati ya wakulima na wafugaji. Wazee wawili miongoni mwa waliozungumza naye wamekwishafariki dunia. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Fundi wa mtaani kwake alikuwa amekwishampa ushauri: "Tupige Windows upya, dada, itakaa sawa." Naam, ingekaa sawa kompyuta, mahojiano yasingekaa. Kusakinisha mfumo upya juu ya diski ileile ni kuandika juu ya kile tunachokitafuta.

Kompyuta isiyowaka si lazima iwe imepoteza mafaili. Mara nyingi kilichoharibika ni mfumo endeshi, kioo, chaji au bodi kuu, ilhali diski ni nzima. Katika kompyuta nyingi diski hiyo huweza kutolewa, ikatiwa katika kasha dogo lenye waya wa USB, na kusomwa na kompyuta nyingine kama flashi. Pengine hakuna haja hata ya kuitoa: mashine huwashwa kwa flashi yenye mfumo wa Linux, na mafaili yakanakiliwa. Ila kama diski ni ya kuzunguka na inatoa mlio wa kugonga, izimwe papo hapo na apewe mtaalamu, kwa maana kila dakika ya ziada huweza kuuharibu uso uliobeba maandishi.

Basi tukaitoa diski, tukaiunganisha na kompyuta yangu. Ikatambuliwa. Nusura tushangilie. Kisha likatokea dirisha likidai ufunguo wa tarakimu 48.

Kompyuta nyingi za siku hizi zenye Windows huifunga diski kwa usimbaji fiche unaoitwa BitLocker, aghalabu bila mwenyewe kujua. Ni kinga nzuri: mwizi akiiba kompyuta hasomi kitu. Lakini ufunguo wa dharura huhifadhiwa katika akaunti ya yule aliyeisajili kompyuta siku ya kwanza. Nilimuuliza binti ni nani aliyeisajili. Akafikiri kidogo, akajibu: "Muuza duka. Alisema ananisaidia, akatumia barua pepe yake."

Yaani sauti za wazee wa Kilosa zilikuwa zimefungwa, na ufunguo alikuwa nao mfanyabiashara ambaye mwanafunzi wangu alionana naye mara moja tu. Tukapiga simu iliyoandikwa kwenye risiti. Kwa bahati, bwana yule alikuwa bado na akaunti ile, akatusomea tarakimu 48 kwa subira ya kupigiwa mfano. Jioni ile mahojiano yote yalikuwa yamepatikana.

Lakini bahati si sera. Tangu siku hiyo ninajiuliza ni ofisi ngapi za umma zinazoishi kwa bahati ya namna hii. Watumishi wengi ninaowafahamu huandaa taarifa za vijiji, orodha za wanufaika na mihtasari ya vikao katika kompyuta walizonunua kwa fedha zao. Mtumishi akihamishwa, akistaafu au akifariki, kumbukumbu za wananchi huondoka ndani ya begi lake.

Wale waliowahi kufanya kazi katika masjala watanielewa. Jalada la karatasi lilikuwa na namba, kila barua ndani yake ilikuwa na namba ya folio, na lilipotoka masjala karani aliandika limekwenda kwa nani. Afisa alilitumia jalada, lakini hakulimiliki. Lilikuwa mali ya ofisi, na kwa njia hiyo mali ya raia. Tulipohamia kwenye kompyuta tulihamisha karatasi, tukaiacha nyuma kanuni hiyo.

Najua pingamizi litakalokuja. Masjala ile ile ndiyo iliyotupa jibu mashuhuri, "Jalada halionekani," ambalo kwa wananchi wengi lilikuwa na maana ya "Toa chochote lionekane." Mchwa na uvujaji wa mapaa navyo vilikula historia yetu. Sidai turudi kwenye karatasi. Ninachodai ni kwamba jalada lilipopotea, kulikuwa na daftari la kutuonyesha nani alilichukua. Kompyuta binafsi inapozimika, hakuna wa kuulizwa. "Imekufa," tunaambiwa, na mjadala unafungwa.

Sheria si tatizo. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mtafiti anapomkabidhi fundi asiyemjua kompyuta yenye sauti za watu waliosema mambo ya hatari kwa kumwamini, amekabidhi pia amana yao. Simlaumu fundi, yeye hufanya aliloombwa. Simlaumu hata mwanafunzi. Sisi wakufunzi tulimpa miongozo ya kupanga marejeo hadi nukta ya mwisho, lakini hakuna aliyemuuliza nakala ya pili ya mahojiano iko wapi.

Mambo ninayoyapendekeza hayahitaji mkopo wa nje. Vyuo vidai nakala ya data iwekwe mahali salama chuoni mara tu mtafiti anaporudi kutoka uwandani, wala si siku ya kukabidhi tasnifu. Ofisi za umma ziingize katika hati ya makabidhiano mafaili na funguo za kompyuta, kama zinavyoingiza viti na funguo za milango. Na pale serikali inapotaka kazi yake ifanywe kwa kompyuta, inunue kompyuta hiyo na kuisajili kwa jina la ofisi. Kumwachia mtumishi wa kijiji gharama ya kutunza kumbukumbu za taifa, kisha kumlaumu zinapopotea, ni dhuluma.

Mwanafunzi wangu sasa ana nakala tatu: moja kwake, moja kwenye diski ya nje anayoitunza dada yake, na moja chuoni. Ufunguo wa tarakimu 48 ameuandika kwa kalamu na kuuweka pamoja na vyeti vyake. Nawe unayesoma haya ukiwa ofisini, kabla hujafunga kazi leo, jiulize: kompyuta iliyo mbele yako ikigoma kesho asubuhi, na wewe usiwepo, ufunguo uko kwa nani?